Kuendesha Linux kwenye diski ya nje bila kuigusa Windows iliyomo ndani

Kompyuta ikiwa ya familia nzima, au Windows yake ina programu ambazo huwezi kuziacha, si lazima uikatekate diski ya ndani ili upate Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Diski ya nje inatosha, na si kwa majaribio tu, bali kwa kazi ya kila siku. Sharti ni moja: kila kinachohitajika kuuamsha mfumo kiwe ndani ya diski hiyo hiyo. Programu ya kusakinisha ukiiachia iamue yenyewe, hailitimizi sharti hilo. Mfano wangu ni Linux Mint 22, ambayo msingi wake ni Ubuntu 24.04, kwenye laptopu ya UEFI (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta za kisasa) yenye Windows 10 au 11. Mac zina njia zake.

Tuanze na vifaa. Nunua SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya SATA ya GB 240 na kasha la USB 3.0, au SSD ya nje iliyo tayari. HDD ya kuzunguka itafanya kazi, lakini utachoka kuisubiri: mfumo ukiwaka husoma maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika, na kichwa cha HDD kinalazimika kuhama kwa kila mojawapo. Flashi ya kawaida ni mbaya zaidi, kwa sababu hukwama wakati wa kuandika na huchakaa mapema. Angalia na tundu unalochomeka. USB 2.0 hupitisha kama MB 40 kwa sekunde na hutoa umeme wa mA 500, wakati USB 3.0 inaweza kufika MB 400 kwa sekunde na hutoa mA 900. Diski inayojizima katikati ya kazi mara nyingi inanyimwa umeme, kwa waya mrefu uliochoka au hubu isiyo na chaja yake.

Utahitaji pia flashi ya GB 8 ya kubebea kisakinishi. Faili la Mint ni karibu GB 3. Ukishalipakua, lihakiki kwa amri hii ndani ya Windows, ulinganishe jibu na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Faili lililokatika wakati wa kupakua huleta makosa ya ajabu katikati ya usakinishaji, na watu huilaumu diski bure. Likiwa zima, liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher.

Kabla ya kuondoka Windows, fanya mambo mawili. Kwanza, kama BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, imewashwa, hifadhi namba ya kurejesha yenye tarakimu 48 mahali nje ya kompyuta hiyo, kisha isitishe BitLocker kwa muda. Kubadilisha mpangilio wa kuwasha kunaweza kuifanya iidai namba hiyo, na bila hiyo data haifunguki. Pili, zima Fast Startup kwa kuandika powercfg /h off kwenye Command Prompt ya msimamizi. Fast Startup inaiacha Windows ikiwa nusu usingizini, na Linux itakataa kuandika kwenye partisheni zake, yaani vipande vya diski ilivyovigawa.

Sasa chomeka flashi na SSD, uwashe kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha orodha ya kuwashia: F9 kwa HP nyingi, F12 kwa Dell na Lenovo, Esc kwa ASUS. Chagua flashi.

Ukifika kwenye desktopu ya Mint, usikimbilie kusakinisha. Kisakinishi kina dosari ya siku nyingi: hata ukikiambia kiweke GRUB (programu inayoiamsha Linux) kwenye diski ya nje, kinaipeleka kwenye partisheni ya EFI (kipande kinachobeba programu za kuwashia) ya kwanza kinachoikuta, na hiyo kwa kawaida ni ya Windows. Siku utakapochomoa SSD, kompyuta itasimama kwenye skrini nyeusi yenye neno grub> na mwenzako hataingia Windows. Na ukiipeleka SSD kwenye kompyuta nyingine, haitawaka.

Dawa ni kuificha partisheni ya EFI ya Windows kwa muda. Fungua GParted, programu ya kugawa diski iliyomo humo, chagua diski ya ndani, tafuta partisheni ya fat32 yenye MB 100 hadi 260 na alama za boot na esp. Bofya kulia, ingia Manage Flags, ondoa esp. Hakuna kinachofutwa, ni alama tu inayobadilika. Iandike mahali ni partisheni gani, kwa sababu utairudishia.

Halafu anza kusakinisha, uchague Something else. Kwenye SSD tengeneza jedwali jipya la GPT (orodha ya partisheni za diski), jambo litakalofuta kila kitu humo, kisha partisheni ya EFI ya MB 512 na ya ext4 (muundo wa faili wa Linux) kwa nafasi iliyobaki, sehemu yake ya kupachika (mount point) ikiwa /. Itambue SSD kwa ukubwa wake, si kwa jina la sda au sdb, maana majina hayo hubadilika. Usakinishaji ukiisha, usizime bado: rudi GParted, rudisha alama ya esp kwenye diski ya ndani.

Washa kutoka SSD, kisha hakiki:

lsblk -o NAME,SIZE,MOUNTPOINT,TRAN
sudo ls /boot/efi/EFI

/boot/efi ionekane chini ya diski iliyoandikwa usb. Amri ya pili ionyeshe folda za BOOT na ubuntu. Mint hutumia jina hilo la ubuntu, usishtuke. BOOT ikikosekana, kompyuta ngeni haitaitambua SSD. Iongeze hivi:

sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Kwa aliye Afrika Mashariki, ukirudi Windows utakuta saa imechelewa kwa saa 3 kamili. Linux huihesabu saa ya kompyuta kuwa ya UTC, Windows huihesabu kuwa ya hapa. Ndani ya Linux andika timedatectl set-local-rtc 1 na watapatana.

Kama SSD yako itahamahama kati ya mashine, usisakinishe draiva za NVIDIA za kampuni. Zile huria zilizokuja na Mint zinakubali kadi nyingi zaidi. Na mfumo ukiganda kwa sekunde kadhaa kisha ukaendelea, andika sudo dmesg na utafute mistari yenye neno uas, yaani njia ya mawasiliano kati ya Linux na diski ya USB. Ikijirudia, badilisha waya na tundu kwanza, kisha kasha, kabla hujaitilia shaka SSD yenyewe.