Jukwaa, au kiunzi cha kuoteshea mfupa?

SWALI: Natafsiri makala ya kitabibu kuhusu "scaffold", kile kitu chenye vitundu kinachopandikizwa kwenye pengo la mfupa ili seli zipate pa kushika, huku dawa ikitoka humo kidogo kidogo. Mwenzangu amekiita "jukwaa la dawa mseto". Sijaridhika. Niandikeje?

JIBU: Hata mimi nisingeridhika. Jukwaa ni la mwashi: hulifunga nje ya ukuta, hulipanda, akimaliza hulibomoa. Siku hizi tena limehamia kwenye siasa na simu. Hiki chako kimo ndani, na mfupa unaota humohumo vitunduni.

Andika kiunzi. Limetokana na unda, kama mlinzi na linda, mpenzi na penda. Ila usiseme "kiunzi cha mfupa", maana kiunzi cha mifupa tayari ni ile mifupa yote ya mwili. Sema kiunzi cha kuoteshea mfupa.

Kosa kubwa liko kwenye mseto. Mtanzania akisikia dawa mseto anawaza vidonge vya malaria, artemeta na lumefantrini pamoja. Hapa kilichochanganywa ni kiunzi chenyewe: mathalani haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti ya jamii ileile inayoupa mfupa ugumu, pamoja na polima, yaani kitu cha molekuli ndefu kama minyororo, mfano kolajeni, ili kisivunjike kama kigae. Dawa iliyomo huenda ikawa moja tu, tuseme vankomisini ya kuua bakteria waliojificha mfupani. Basi mseto likae ubavuni mwa kiunzi, lisiisogelee dawa.

Na kutoa je? Daktari hutoa jino, mama hutoa chakula. Kitenzi kimoja, njia mbili. "Kiunzi cha kutoa dawa" mtu anaweza kudhani kinaifyonza dawa mwilini. Kuvujisha nako hapana, ndoo ikivuja ni mbovu, ilhali kasi ya dawa hii imepangwa. Napendelea kuachilia.

Kwa hiyo: kiunzi mseto cha kuoteshea mfupa, kinachoachilia dawa taratibu. Ni refu, najua. Liandike zima mara ya kwanza, kisha endelea na kiunzi tupu. Hapohapo mwanzoni ongeza sentensi moja kwamba viunzi vingi vya namna hii hutengenezwa viyeyuke kadiri mfupa unavyojijenga, kwa sababu msomaji aliyezoea kiunzi cha paa atadhani kinabaki humo maisha.