Nianzishe vipi kikundi cha Linux Wete?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba, mwaka wa tatu huu natumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na nataka tuwe na kikundi cha watu wa programu huria, yaani zile mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa, tusaidiane. Niliitisha mkutano wakaja watu 19, nikawaeleza historia na uhuru wa programu, tukachagua mwenyekiti, katibu na mshika fedha. Mkutano wa pili tukawa wanne, wa tatu mimi na mshika fedha tu. Nimekosea wapi? Au nisajili kwanza ndo watu waone tuko siriasi?

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu wangu. Watu 19 kuacha shughuli zao kuja kusikiliza mambo ya kompyuta si haba, tatizo shida walizokuja nazo wameondoka nazo vilevile. Usajili na katiba viweke kando, mtasajili siku mnataka akaunti ya benki au mnaomba msaada kwa jina la kikundi.

Safari hii usiite mkutano, waambie kila mtu aje na flashi yake iliyoharibika. Unaijua ile, mtu kaenda kuprinti stesheneri, anarudi nyumbani mafolda yote yamegeuka shotikati, analia kazi yake imepotea, na wala haijapotea, kirusi kimeificha tu. Ichomeke kwenye laptopu yako mbele ya macho yake, kule kufichwa kwa Windows Linux haikujali, utaona mafolda yote yapo, mara nyingi yametiwa ndani ya folda moja isokuwa na jina. Mtolee mafaili yake, futa zile shotikati na kirusi chenyewe, mrudishie. Kuna dada wa chuo nilimfanyia hivi, kazi ya muhula mzima ikatokea pale kwenye skrini, akashika mdomo. Hakuniuliza Linux imetengenezwa na nani, kaniuliza "na mie hii naipata wapi?" Kikundi kinaanzia hapo mwalimu, kwenye swali hilo.

Na unampa hapohapo. Linux Mint, aina moja ya Linux, ni karibu GB 3, kwa bando zetu hizi kila mtu ashushe yake ni mateso, lakini leseni inaruhusu kukopi na kugawa, si wizi wala si haramu, basi mmoja anashusha usiku na Wete nzima inapata. Chukua flashi ya GB 16 uitie Ventoy, programu ya kuifanya flashi iwashe kompyuta, ukishaitia mara moja kazi yako ni kukopi faili za ISO tu, yaani lile faili zima la Linux ulilolishusha, halafu laptopu ya mtu unaiwasha kwa flashi hiyo bila kusakinisha kitu, mwenyewe ajaribu waifai, sauti, printa. RAM ya GB 2 inakwenda, GB 4 ndo raha. Watu hamtakosa, maana Microsoft wamemaliza sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na laptopu nyingi tulizonazo Windows 11 haziikubali.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usisakinishe mpaka mafaili ya mtu yamekopiwa pahala pengine na yeye mwenyewe kayafungua kayaona. Mie siku moja kwenye kikundi chetu huku mjini niliamini mtu keshakopi, nikabonyeza pale pa kufuta diski nzima, kumbe picha za marehemu mamake zilikuwa kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski hiyohiyo. Hazikurudi. Mpaka leo nikikutana naye Darajani sijui nimwambie nini.

Pahala, darasa la skuli mkiruhusiwa, au baraza yoyote yenye soketi. Siku iwe moja isiyobadilika, mathalan Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya laasiri mpate kumaliza kabla ya magharibi, usiku kina mama wengi hawatoweza kuja na wao ndo wengi kwenye skuli zetu. Msimu wa karafuu msitegemee watu wengi, nyie fungueni tu.

Mkishazoeana tafuteni kazi ya kufanya pamoja. Tangu 2016 visiwa vyetu vimepigwa picha kwa droni na wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa Zanzibar, walikuwemo kwenye kazi ile, lakini droni haijui jina la mtaa wala njia ya kwenda kisimani, anajua aliyezaliwa hapo, basi kaeni mtie majina hayo kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha.

Na huyo mshika fedha aliyebaki na wewe mara ya tatu usimuache. Mtengenezee flashi yake yenye Ventoy, mfundishe kila unachokijua, na ufunguo wa darasa awe nao wa pili, ili ukivuka kuja Unguja Jumamosi hiyo watu wakute mlango uko wazi.