Killmonger alikosea wapi?

SWALI: Mhariri, niko Kondele, Kisumu. Mimi na kakangu tumebishana juu ya sinema ya Black Panther ya 2018, yeye anasema Killmonger, yule adui wa mfalme, ndiye alikuwa na ukweli, Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Afrika, ilijificha na utajiri wake watu weusi wenzao wakiteseka huko nje. Unaonaje?

JIBU: Ndugu, kwa malalamiko yuko sawa kabisa, lakini kugawa silaha dunia nzima ndio utawale wewe, huo si ukoloni tu umebadilisha koti? Na mbona mnamsahau Nakia, si huyo ni Lupita Nyong'o wetu jameni, yeye alimwambia mfalme T'Challa mapema sana wasaidie walio nje, na mwishowe ndio hivyo kituo cha msaada kikafunguliwa Oakland, Marekani. Mimi kilichonifurahisha zaidi ni kusikia Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini, kwa sinema kubwa hivyo, ingawa walirudi kwa Kiingereza haraka mno.