Protoc ifungwe ndani ya Gradle, isitegemee kompyuta ya mtu

Ndugu yangu, umesema mradi unajijenga vizuri kwako Kampala, ila kwa mwenzako Mbarara Java inalalamika "cannot find symbol" ndani ya faili zilizozalishwa na protoc, programu inayogeuza faili za .proto (maelezo ya muundo wa data) kuwa msimbo wa Java. Kwa maelezo hayo, nashuku kila mmoja anatumia protoc aliyojiwekea mwenyewe. Andikeni protoc --version kote kuwili mlinganishe.

Dawa ni kuiachia Gradle, zana inayojenga mradi, kazi hiyo. Weka programu-jalizi ya com.google.protobuf, kisha kwenye build.gradle andika:

protobuf { protoc { artifact = "com.google.protobuf:protoc:3.25.1" } }

Gradle itapakua protoc inayofaa mfumo wa kila kompyuta, iwe Windows au Linux. Maktaba ya protobuf-java, ambayo msimbo uliozalishwa huitegemea, nayo ipe toleo hilo hilo la 3.25.1. Hapa ndipo wengi hukwama: maktaba ikiwa ya zamani kuliko protoc, msimbo uliozalishwa huita vitu ambavyo maktaba haina. Na usishtuke ukiona protoc inajitaja 25.1 tu, ile 3 ya mbele ni ya upande wa Java.

Faili zilizozalishwa zikae ndani ya build, zisiingizwe Git (mfumo wa kutunza na kushirikiana msimbo). Tafadhali, hata kama mwenzako anakuomba umtumie. Za .proto ndizo za kutunza, kwenye src/main/proto.

Kuhusu bando: upakuaji ni wa mara ya kwanza tu. Baadaye mwambie atumie gradlew build --offline. Mkibadilisha toleo, itabidi awashe data tena.