Kifungo cha nje hakikuokoi
Hapana kaka, unasema uliwahi kupatikana na hatia Marekani lakini bado unaweza kumiliki bunduki kwa sababu "sikulala jela hata siku moja", hiyo haikusaidii kitu. Sheria ya bunduki ya Marekani ya 1968 haiangalii hakimu alikupa nini, inaangalia kosa lenyewe lingeweza kukuweka ndani muda gani, ikizidi mwaka 1 basi bunduki huruhusiwi hata kama ulipewa kifungo cha nje ukaenda zako nyumbani. Makosa madogo ya jimbo yenye kifungo kisichozidi miaka 2 hayahesabiwi, ila kumpiga mke au mume hapo hakuna cha kosa dogo, tangu 1996 nayo inakunyima bunduki. Na risasi pia marufuku, yaani hata bunduki huna ila una risasi tu mfukoni, umeumia. Adhabu tangu 2022 inafika miaka 15, si mchezo. Na hiyo kesi ya Rahimi unayoitaja, ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2024, ilihusu mtu aliyewekewa amri ya mahakama ya kumlinda mwenza wake dhidi yake, tena majaji 8 kwa 1 walikubali azuiwe kuwa na bunduki, sasa inakusaidiaje? Labda kama rekodi ilifutwa au ulisamehewa, hapo muulize wakili wa huko jimboni kwako kabla hujagusa chochote.