Mwanangu, kuhusu wewe na rafiki yako kugombea kiti kimoja

Mwanangu, huku salama, presha yangu imetulia. Juzi kwenye simu uliniuliza, mama hivi mtu unaweza kugombea udiwani na rafiki yako halafu mkabaki marafiki, nikakwambia nipe muda maana sikutaka kukujibu juu juu. Inawezekana, na mfano ninaoupenda mimi ni wa mbali, Virginia kule Marekani, uchaguzi wa Kongresi ya kwanza kabisa, yaani bunge la nchi yao, Februari 2, 1789.

James Madison na James Monroe, wanasiasa wa huko Virginia, walikuwa marafiki wa kweli, mpaka ardhi walishanunua pamoja kule New York. Sasa Patrick Henry, mkubwa wa siasa za Virginia, alikuwa hamtaki Madison, bunge la pale likamnyima useneta, halafu jimbo lake la uchaguzi wa Kongresi likachorwa kwa kaunti nane ili ashindwe, na kwenye jimbo hilo akasimama Monroe. Ubishi wenyewe ulikuwa katiba mpya ya Marekani, Monroe aliikataa na mojawapo ya sababu ni kwamba haikuorodhesha haki za raia, Madison akaitetea na mwanzoni aliona hakuna haja ya nyongeza.

Walizunguka pamoja mwanangu! Siku moja baada ya ibada kwenye kanisa la Walutheri wakajibizana nje kwenye theluji watu wamesimama wanasikiliza, na Madison akirudi usiku na farasi pua ikaungua na baridi, kovu akabaki nalo mpaka uzeeni.

Kura ilikuwa ya kutaja kwa mdomo mbele za watu, tena wanaume weupe wenye ardhi tu, wanawake na watumwa hawamo, na hao wawili wenyewe walimiliki watumwa, hilo sikufichi. Madison 1,308, Monroe 972.

Ila nachotaka ukione ni hiki, Wabaptisti ambao huko nyuma walifungwa jela kwa kuhubiri walikuwa na wasiwasi na Madison, akawaahidi kwa barua kwamba atazipigania nyongeza za haki, na Juni 8 mwaka uleule akazipeleka Kongresi mwenyewe. Yaani hoja ya aliyeshindwa ikabebwa na aliyeshinda! Akamwandikia Thomas Jefferson, rafiki wa wote wawili, kwamba urafiki wake na Monroe haukupungua hata kidogo, na 1811 akiwa rais akamchukua Monroe awe waziri wake wa mambo ya nje.

Kwa hiyo kachukue fomu, lakini kwanza pita kwa mwenzio umwambie wewe mwenyewe asije akasikia kijiweni, na umuulize yeye anataka nini kwa ajili ya kata, uandike.

Mama yako