Maswali na Majibu: Kisima kirefu chini ya Hanang si dawa ya meno ya kahawia

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kijiji kilicho chini ya Mlima Hanang. Tunategemea kijito kinachoshuka kutoka mlimani. Maji yake ni meupe, hayana harufu, na kina mama wanayasifu kwa kufulia. Lakini watoto wengi waliokulia hapa wana madoa ya kahawia kwenye meno. Kuanzia Agosti kijito hupotelea mchangani kabla ya kutufikia. Fundi mmoja alikuja na vijiti vyake vya kutafutia maji, akatuonyesha sehemu karibu na shule. Anasema tukichimba mita 150 tutapata maji safi, na kwa sasa tuchemshe haya ya kijito ili kuondoa hayo madini ya meno. Tumeshachanga nusu ya fedha. Tuendelee?

JIBU: Marahaba, katibu. Msiendelee. Fedha zibaki benki mpaka maji yapimwe.

Kuchemsha endeleeni nako, maana kijito kinachonywewa na ng'ombe kina vijidudu. Ila msimwambie mama yeyote kwamba moto unaondoa floridi, ambayo ndiyo hayo madini yanayoleta madoa ya meno. Haitoki na mvuke. Ukichemsha lita nne zikabaki tatu, floridi yote ya lita nne imo ndani ya zile tatu. Vidonge vya klorini navyo haviigusi, na mbegu za mlonge ni za kusafisha tope, msizitegemee kwa floridi.

Sasa niseme kuhusu mita 150, kwa sababu kauli ya "chimba zaidi, chini ndiko kwenye maji safi" naisikia karibu kila kijiji ninachofika, na imeshakula michango ya watu wengi. Kwa vijidudu vya chooni, kina kinasaidia kweli. Kwa floridi kwenye miamba kama yenu, mara nyingi mambo huwa kinyume.

Hanang ni volkano, na lava yake ni ya aina yenye sodiamu nyingi na floridi ndani ya madini yake. Mvua ikinyesha huko juu, sehemu ya maji hupita kwenye nyufa za lava na matabaka ya majivu, ikatoka kwenye chemchemi baada ya muda mfupi. Sehemu nyingine huzama chini na kukaa ndani ya mwamba miaka mingi. Ni kama majani ya chai: yakikaa sana kwenye maji, chai hukolea. Kinachoweza kuizuia floridi ni kalisi, yaani madini ya chokaa, kwa sababu viwili hivyo vikikutana kwa wingi huungana na kuganda kuwa madini, vikatoka majini. Maji yaliyokaa sana kwenye lava ya aina hii huwa na kalisi kidogo, kwa hiyo floridi hubaki ikielea.

Hapo ndipo sifa ya kina mama iliponishtua. Maji ambayo sabuni inatoa povu upesi ni maji yenye kalisi kidogo. Katika nchi ya volkano hiyo ni dalili ya kuyashuku. Dalili nyingine utaiona mwenyewe Septemba: tembea ukingoni mwa kijito, kaguse mawe yaliyokauka. Ukikuta utando mweupe unaochubuka kwa ukucha, ujue maji yanaacha chumvi zake yakikaushwa na jua. Mwisho wa safari hiyo mnaufahamu, ni Ziwa Balangida. Halina mto unaotoka, maji huondoka kwa jua tu na chumvi inabaki.

Kuhusu kijito kupotea, hilo ni la kawaida. Mlima ni mkali, na mteremko unapolegea chini, maji huangusha kokoto na mchanga yaliokuja nao, kisha yanazama humohumo. Yanaendelea kutembea chini ya mchanga.

Kwa hiyo swali lenu la kwanza lisiwe tuchimbe wapi. Liwe maji haya yanaharibikia wapi. Ombeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, iwape mtu mwenye kipimo cha chumvichumvi, mpande naye korongo kuanzia kijito kinapozama hadi kwenye chemchemi. Namba ikiwa ndogo juu na kupanda kadiri mnavyoshuka, mmeanza kupata jibu. Kisha chukueni sampuli nne: chemchemini, katikati, kinapozama, na kwenye kisima chochote kirefu cha jirani ambacho tayari kinatumika. Tumieni chupa za plastiki, si za kioo, na kila chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale yatakayowekwa. Fanyeni hivyo Oktoba, kabla ya mvua, maji yakiwa yamekolea. Kiwango cha floridi kinachoruhusiwa ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4 vijijini kwa kukosa maji mbadala, kwa hiyo mtu asije akawaonyesha karatasi ya zamani iliyoandikwa "yanafaa" mkaridhika.

Chemchemi ikiwa nzuri, bomba la mserereko kutoka juu litawafaa kuliko kisima, na halihitaji dizeli. Ila chanzo kijengwe pembeni, nje ya njia ya korongo. Tope na mawe vilivyoshuka tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80 vilipita kwenye makorongo. Volkano haikulipuka. Mlima ulilowa kwa mvua, kipande kikaporomoka, na jambo hilo linaweza kutokea tena.

Wakati mnasubiri, kingeni maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, watoto wa chini ya miaka minane wakitangulia, kwa sababu jino huharibika likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Waliokwisha kupata madoa hayatafutika kwa kubadilisha maji, lakini wadogo zao wanaokolewa. Punguzeni pia magadi kwenye maharage na makande. Magadi ya ukanda huu hubeba floridi, na mtoto huila hata kama maji ni mazuri.

Wasomaji wa Kondoa, Iramba, Manyoni na hapa Dodoma msidhani haya ni ya watu wa volkano peke yao. Granaiti yetu ya kale nayo hutoa floridi, na kwenye visima vya Singida tunaikuta. Na watu wa vijiti wako kila mahali. Kijiti hakijui mwamba uliopasuka uko wapi, seuze kujua kuna nini ndani ya maji. Anayelipwa kwa mita ana sababu ya kukupeleka mita 150 hata kama maji yalipatikana 60. Kwenu, katibu, kuchimba kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Kati iliyoko Singida, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na mchimbaji awe na leseni. Mwulizeni fundi wenu hivyo viwili. Nimeona kijiji kikimaliza michango yote, pampu imefungwa, sherehe imefanyika, ndipo sampuli ikapelekwa maabara kwa mara ya kwanza. Floridi ilikuwa mara nne ya kiwango. Mchimbaji alikuwa ameshalipwa na kuondoka, na watu wanakunywa mpaka leo kwa sababu ndiyo maji waliyonayo.

Ikibidi kuchimba, andikeni kwenye mkataba kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya maji kusukumwa kwa majaribio na majibu ya floridi kutoka maabara ya Wizara ya Maji kusomwa mbele ya kamati, kabla pampu haijanunuliwa. Mkishapata majibu ya zile sampuli nne, nitumie yote pamoja na kiwango cha kalisi, nami nitawaambia bomba lianzie wapi.